Rodaje kwenye Barabara ya Sake

Motere ya pikapu yetu ilikufa siku tulipokimbia volkano, kati ya Mugunga na Sake, na mimi niliisikia ikifa kabla haijafa.

Lava ilikuwa imeshuka siku chache kabla na ilikuwa imekwisha kusimama. Ardhi ndiyo ilikataa kusimama. Ilitetemeka mchana, ikatetemeka usiku, kuta zikapasuka, sahani zikatembea zenyewe mezani, na asubuhi moja tukaambiwa mji utoke. Mji ukatoka. Watu, magodoro, mbuzi, wagonjwa waliobebwa mgongoni, wote walijimwaga kwenye barabara moja ya kwenda Sake, na mume wangu akatia pikapu yetu katikati yao. Tulisogea kama uji mzito. Jua likapanda. Nilikuwa nimekaa mbele na sufuria mapajani, na chini ya honi na makelele ya watu nikasikia sauti nyembamba, kavu, ikizidi kupanda, kama mwimbaji aliyeanza wimbo juu mno na anajua hatafika mwisho.

Nimefundisha kwaya tangu nikiwa msichana. Sauti iliyotoka mahali pake huniuma kama mchanga jichoni. Nilitaka kumwambia mume wangu. Nikajiambia gari ni mambo ya wanaume, yeye anajua. Nikanyamaza. Dakika chache baadaye chuma kilikwaruza chuma, motere ikakaza, na moshi mweupe ukafunika kioo chote cha mbele.

Tulifika Sake kwa miguu. Baada ya wiki tukarudi nyumbani Keshero, na pikapu ikavutwa kwa kamba hadi garaji ya muzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye alikuwa akiitengeneza tangu tulipoinunua. Mwaka uliofuata mume wangu aliugua ini, akafa. Sikumwambia kamwe kwamba nilisikia.

Garaji ya yule muzee ilikuwa kiwanja cha mawe meusi chenye paa la mabati upande mmoja tu. Garaji yake ya kwanza ilikuwa chini ya miguu yetu, mita tatu hivi chini, imefunikwa na lava ya miaka mingi iliyopita, ile iliyopita katikati ya mji. Alikuwa amejenga juu yake. Alipotaka kuonyesha kitu kilipokuwa zamani, alionyesha chini: "Pale njo ilikuwa meza yangu. Pale, mulango." Alikuwa mtu mwembamba, mwenye majivuno ya fundi anayejua kazi, shati lake limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata akiwa amelala chini ya gari. Mke wake alikuwa amekufa zamani. Binti yake alikaa Bukavu.

Siku ya kumaliza matanga alikuja nyumbani, akakaa kidogo, akanywa chai, kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Mama, motere ya marehemu iko kwangu. Nitaifufua."

Ilimchukua zaidi ya mwaka. Barabara ya Rutshuru ilifungwa katika muda huo. Waasi walikuwa wamerudi, wakashika Rumangabo na vilima vya huko, na vitu vilivyokuwa vikija kwa lori vikaanza kuja kwa mtumbwi au visije kabisa. Pistoni zilipatikana mapema. Segma, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zilikawia hadi nikazisahau. Nilipita pale kila nilipotoka mazoezini. Nilikuta motere imelala mezani imefunguliwa tumbo, kila kipande kimepangwa juu ya gazeti, kimeoshwa kwa petroli hadi kung'aa, na muzee amekiinamia kama anakisomea. Sikuelewa kitu. Nilipenda tu kukaa. Harufu ya petroli na ya mvua juu ya lava ilinitia usingizi mzuri, na katika nyumba yangu wakati ule usingizi mzuri ulikuwa haba.

Asubuhi moja akamtuma jirani kuniita. Motere ilikuwa imerudi mahali pake ndani ya pikapu.

"Ingia, Mama. Washa."

Mume wangu alinifundisha kuendesha mwanzoni mwa ndoa yetu, kwenye malisho ya ng'ombe ya wazazi wangu kule Masisi, na ng'ombe walisimama kunitazama. Nikaingia. Nikageuza ufunguo. Motere ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakamata. Rangi mpya na mafuta mapya vikaanza kuungua juu ya chuma na kiwanja kikajaa harufu kali. Muzee akasimama mbele akitabasamu, mkono mmoja juu ya kapo, kile kifuniko cha mbele cha gari, macho yamefumbwa.

Lakini mimi nilisikia kitu. Juu kabisa, upande wa mbele: tik-tik-tik-tik, haraka, kavu, kama sindano za cherehani.

"Muzee, iko nagonga huku juu!"

Akafumbua macho. "Ndiyo, Mama. Iko naimba muzuri."

"Hapana. Kuna kitu kinagonga."

"Muzuri sana," akasema, akaniangalia midomo.

Hapo ndipo nilipoona jinsi alivyoniangalia midomo. Nikakumbuka sauti yake kubwa siku ya matanga. Nikakumbuka mara ngapi nilimsalimu nikiwa mlangoni naye asiitike, nikadhani ni kazi imemchukua. Nikazima motere, nikashuka, nikajifanya natafuta kitu ukutani. Nikiwa nimempa mgongo, nikasema polepole, kwa sauti yangu ya kawaida: "Muzee, nyumba yako inawaka moto."

Nikageuka. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

Nikarudi mbele yake, nikasema kwa midomo iliyofunguka vizuri: "Tangu lini?"

Niliona akitafuta uongo. Hakuupata. Akakaa juu ya gurudumu.

"Tangu bombu," akasema. "Wakati wa vita ya mbele ya hii. Ilianguka pale kwa jirani. Sikio hili likakufa siku ile ile. Hili lingine likalifuata polepole."

"Na benye magari? Banajua?"

"Habajue. Niko naangalia midomo. Na niko na hii." Akachukua turnevisi yake, bisibisi ndefu, akaelekeza ncha yake kwenye motere, kisha akaweka mpini nyuma ya sikio, juu ya mfupa. "Mulio wa chini minaupata hapa, kama ngoma ya mbali. Wa juu ulienda. Usiambie mutu, Mama."

"Sitasema."

Aliitazama motere, na nikaona uso wake ukibadilika, kwanza aibu, kisha kitu kingine, hamu ya fundi.

"Ule mulio uko wapi?" akauliza. "Nionyeshe kwa kidole."

Basi nikamwonyesha. Akafungua kifuniko cha supapu, zile vali za juu, na kwa mara ya kwanza nikaona vile vidole vya chuma vinavyozibonyeza supapu moja moja, vinane, vimepangwa kama waimbaji kwenye benchi. Akaingiza kipande chembamba cha chuma chini ya kila kimoja kupima nafasi, akakaza, akalegeza, akafunika. Nikawasha. Nikasikiliza nimefumba macho. Saba zilikuwa zimetulia. Moja bado. Nikaonyesha vidole vitatu: ya tatu. Akafungua tena, akakaza kwa unene wa unywele. Tik-tik ikapotea, na chini yake nikasikia motere yenyewe, pana, ya joto, ikinguruma kwenye noti moja. Ilikuwa karibu na *do* yetu ya kanisani, chini kidogo.

Ilibaki kabureta. Pale nilishindwa kueleza kwa vidole, maana sasa si suala la supapu ipi, ni suala la kupanda na kushuka, na muzee alihitaji macho yake kwenye skrubu. Nikafanya kile ninachojua. Nikasimama upande wa pili wa motere, nikainua mkono kama mbele ya kwaya. Aligeuza skrubu kidogo. Sauti ikazama, nikashusha mkono. Akageuza upande mwingine. Sauti ikainuka, mkono ukainuka. Ilipoanza kuyumba nilitikisa vidole. Alielewa mara moja. Alikuwa anatazama mkono wangu kwa pembe ya jicho na skrubu kwa jicho lote, na mimi niliongoza ile motere hadi ikakaa kwenye noti yake, haikuvutwa wala kulegea, na nikafunga ngumi: hapo. Acha hapo.

Alicheka kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejisikia akicheka. Mimi nililia kidogo. Sijui tulisimama pale muda gani tukiisikiliza, mimi kwa masikio na yeye kwa viganja.

Kisha akanipa sheria za rodaje, yaani za kuizoesha motere mpya kazi. Motere mpya, akasema, haijajijua. Segma bado hazijapatana na kuta zake. Zikipatana vizuri itaishi miaka, zikipatana vibaya itakunywa mafuta hadi ife. Kilomita elfu moja. Usipite hamsini kwa saa. Usikae kwenye mwendo mmoja. Panda, shuka, ipe nguvu, iachie ipumue. Usiiache ikinguruma imesimama. Usiibebeshe sana, lakini usiende nayo tupu pia, maana inataka muzigo kidogo ili ijifunze kusukuma.

"Na mimi nitaenda na wewe," akasema. "Wewe utaendesha na utasikia. Mimi nitauliza."

Kilomita elfu moja, katika mji ambao barabara zake zilikuwa zimekatwa! Kaskazini tuliweza kufika Kanyaruchinya tu. Magharibi, Sake. Basi. Tuligawa kilomita zetu kati ya hizo mbili, asubuhi tatu kwa wiki, na kwa sababu motere ilitaka mzigo tulijaza madumu ya maji nyuma. Maji tuliyapeleka Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita.

Barabara ya huko inapanda. Mlima wa volkano huwa mbele yako muda wote, na moshi wake juu, na huuangalii kwa sababu uko pale siku zote. Siku ya kwanza, kwenye mpando baada ya Munigi, nilipokanyaga nikasikia kama mahindi makavu yakitikiswa ndani ya kopo.

"Iko nasema nini?" muzee akauliza, kiganja juu ya dashibodi. Aliuliza hivyo kila baada ya dakika chache, katika kilomita zote elfu moja.

"Mahindi. Kwenye kopo."

"Ah. Moto unakuja mapema." Tukasimama kando, kati ya vibanda vya maturubai meupe. Akafungua kapo, akalegeza kile kichwa kinachogawa moto kwa buji, plagi za motere, akakizungusha kiasi ambacho sikukiona kwa macho. Wanawake wa kambini wakakusanyika na madumu yao. Mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliniuliza kwa Kinyarwanda kama huyu muzee ni baba yangu. Nikasema hapana, ni fundi wangu. Akaniuliza mimi nafanya nini. Nikafikiri. Nikasema: "Mimi nasikia." Alicheka, akaona nimemtania.

Tulipopanda tena, mahindi hayakuwepo.

Lakini barabara ninayoiota bado ni ile ya Sake. Tulianza asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya ziwa hadi ukingo wa barabara, kiasi kwamba upande wa kushoto dunia iliishia kwenye nyasi. Watu walitoka katika ukungu wakiwa na mizigo ya makaa, wakaingia tena. Chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zikateremka, magurudumu yake yakilia ka-ka-ka juu ya changarawe. Arobaini. Arobaini na nane. Thelathini na tano. Nikikanyaga sauti ilijaza kifua changu, nikiachia ilishuka ngazi moja moja kama mtu anayeteremka kwa starehe, na kati ya kupanda na kushuka nilisahau nilikokuwa nikienda. Nilikuwa nimezoea kusikiliza watu arobaini na kutafuta aliyekosea. Sasa kwa mara ya kwanza nilisikiliza bila kutafuta kosa. Nafikiri ndipo nilipoanza kupona, ingawa wakati ule sikuliita hivyo.

Hatukuongea sana. Yeye hakusikia, na mimi nilipoendesha hakuweza kuona midomo yangu vizuri. Lakini siku moja, karibu na Mugunga, nilisema. Nilisema nikitazama mbele, nikijua hasikii: kwamba hapa ndipo motere ilipokufa, kwamba niliisikia, kwamba nilinyamaza, kwamba mume wangu alijilaumu hadi siku yake ya mwisho kwa kosa ambalo ningelizuia kwa neno moja. Nilisema yote. Nilipomaliza muzee aliuliza, "Iko nasema nini?"

"Iko sawa," nikasema, nikamgeukia ili aone.

"Unalia."

"Ni moshi."

Alitazama nje kwa muda. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na kioo, kwamba motere ile haikufa siku moja. Radiateri, ile inayopoza maji ya motere, ilikuwa imeziba nusu miaka miwili kabla. Alimwambia marehemu mara mbili aisafishe, na marehemu alisema wiki ijayo. "Ile siku ilikuwa ya kumalizia tu," akasema. Sijui kama alisoma midomo yangu kwenye kioo cha pembeni. Sikuwahi kumuuliza.

Mafuta ya kwanza, yale ya kulainisha motere, tuliyamwaga tulipofika kilomita mia mbili. Yalitoka meusi, na ndani yake kulikuwa na chembe ndogo za chuma zinazong'aa, zinaelea kama vumbi la nyota. Nilishtuka. Muzee aliyasugua kati ya vidole viwili, akayanusa, akaridhika. "Hii njo kule kupatana," akasema. "Kila mutu anaacha kidogo."

Tulikuwa tumepita kilomita mia saba siku tuliyokwenda Sake mara ya mwisho.

Tulifika huko kama kawaida, tukasimama karibu na soko. Muzee alikuwa ameinama ndani ya kapo, akijaribu mkanda wa feni kwa kidole gumba. Kutoka vilima vya juu nikasikia mlio kama mlango mzito unaofungwa katika nyumba ya mbali. Kimya. Kisha mwingine. Niliona wanawake wa soko wakiinua mabeseni yao bila kusema neno, wote kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi. Muzee alikuwa bado anabonyeza mkanda. Nikamgusa bega. Alinitazama usoni, akatazama wanawake, akafunga kapo.

"Tuende," akasema.

Hatukuondoka mara moja, maana kabla sijageuza gari nyuma ilikuwa imejaa. Niliwahesabu watu hadi ishirini na tatu, nikaacha. Bibi mmoja alifungua mlango wa mbele akaingia kati yetu na kichwa cha cherehani mapajani, kimefungwa kwa kitenge. Hakuomba, hakusalimu, alikaa tu na kukikumbatia. Muzee akasogea kumpa nafasi.

"Nilisema inataka muzigo," akasema. "Sikusema Sake yote."

Barabara ilikuwa mto wa watu. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Ile milango mizito iliendelea kufungwa nyuma yetu, na mmoja ulifungwa karibu sana, kioo kikatetemeka, na watu wa nyuma wakapiga yowe moja refu. Bibi akainamia cherehani yake. Muzee alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi.

"Iko nasema nini?"

Angeweza kuona nyuso za watu barabarani. Alijua. Alikuwa anauliza juu ya motere, na mimi nikamjibu juu ya motere.

"Iko chini. Sauti ya nne, besi."

"Na sasa?"

"Sauti ya nne."

Sijui nilipataje utulivu ule. Ilikuwa kana kwamba kuna vyumba viwili, na katika kimoja kulikuwa na vita, na katika kingine kulikuwa na ngurumo moja niliyoijua kama pumzi yangu, na kila alipouliza nilipaswa kuingia katika chumba hicho cha pili kumletea jibu. Bombu sikumwambia hata moja.

Kisha, kabla ya Mugunga, nikaisikia. Nyembamba. Kavu. Ikipanda.

Nilimshika mkono. Sikupoteza muda na maneno. Niliinua kiganja mbele ya macho yake, juu, juu zaidi.

"Toka barabarani," akasema. "Izime."

Nikatoka. Nikazima. Nyuma wakaanza kupiga paa kwa ngumi.

"Mama, endesha! Unataka tukufe hapa?"

"Kwa nini unasimama? Wewe mwanamuke, una akili?"

Kijana mmoja akaruka chini, akaja dirishani, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo. "Nipe mimi. Mimi najua kuendesha." Nilifumbata ufunguo katika ngumi yangu. Nilimwambia, na sauti yangu ilitoka kama ninavyoongea na watu wa sauti ya tatu wanapochelewa kuingia: "Nikiwasha sasa, itakufa, na wote mutaenda kwa miguu. Mukingoja kidogo, mutafika. Anayetaka kutembea, atembee."

Baadhi walishuka wakatembea. Yule kijana alibaki amesimama. Bibi wa cherehani akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Muache," akamwambia. "Yeye njo anaijua."

Muzee alikuwa mbele ya gari, akicheka peke yake kwa hasira. Mtu alikuwa amening'iniza godoro juu ya bampa ya mbele, limefungwa kwa kamba hadi kwenye vioo, na radiateri haikupata hewa hata kidogo. Tulipotoka Sake katika ule msukosuko, hakuna aliyeliona. Akakata kamba, yule kijana akasaidia kulitupa nyuma juu ya watu. Tukangoja. Ilikuwa nusu saa ndefu kuliko zote nilizoishi. Watu walipita wakitutazama kama wendawazimu. Muzee aliweka mkono karibu na radiateri, akautoa, akaweka tena, hadi alipoweza kufungua kifuniko kwa kitambaa, akamimina maji kutoka dumu letu la mwisho, polepole, akinionyesha kwa kidole niwashe.

Nikageuza ufunguo. Ikaja mara moja. Chini, sauti ya nne.

"Fungua hewa ya moto ndani," muzee akasema alipoingia. "Yote. Tutaungua sisi ili motere ipoe." Tulisafiri hivyo hadi mjini, jasho likitutiririka, vioo vimefunguliwa, bibi akijipepea kwa ncha ya kitenge, na kila muzee aliponiuliza nilimjibu.

Tulifika Keshero jua likiwa bado juu ya ziwa. Watu walishuka katika kiwanja cha kanisa letu. Yule kijana alinipa mkono bila kunitazama. Bibi hakuwa na pa kwenda, na mimi nilikuwa na chumba. Alikaa kwangu miezi mitano, akashona sare mpya za kwaya yote kwa ile cherehani, na alipoondoka nyumba ikawa kimya tena, lakini kimya cha aina nyingine.

Barabara ya Sake haikurudi kuwa yetu. Kilomita zilizobaki tulizimaliza ndani ya mji, tukizunguka kati ya Keshero na njia ya uwanja wa ndege, na maji ya kambi nyuma. Mafuta ya pili yalitoka safi, ya rangi ya asali nzito. Siku kilomita elfu zilipotimia, muzee aliitazama namba, akaitazama tena, akasema, "Sasa unaweza kukanyaga." Hapakuwa na barabara ya kukanyaga. Nilipata kipande kilichonyooka, asubuhi na mapema, kisichozidi kilomita mbili, nikafika themanini. Motere iliimba bila mkunjo. Muzee aliegemea kiti, mgongo wote ukiisikia, na alikuwa na uso wa mtoto aliyebebwa.

Miezi michache baadaye binti yake alikuja kumchukua kwa mashua, akampeleka Bukavu. Nilidhani angeniachia kitu cha ukumbusho. Hakuniachia kitu, alifunga zana zake zote, hata vitambaa vya kufutia mikono, na bandarini alinishika mabega, akanikemea kwa sauti kubwa mbele za watu kuhusu kubadilisha mafuta kwa wakati.

Waasi walipoingia mjini, pikapu ilikuwa ndani ya kiwanja cha kanisa, chini ya turubai, na hakuna aliyeiuliza. Muda ule kwaya yangu ilipungua hadi watu kumi na mmoja. Tuliimba kumi na mmoja.

Garaji ya muzee sasa ina fundi mwingine, kijana mzuri, mikono ya haraka. Alikuja nyumbani siku moja na haya, akaniambia ana lori la viazi ambalo ameshalifungua mara mbili na bado linasumbua, na kwamba watu wa mtaa wamemwambia aniite. Nilivua viatu vya kanisani, nikavaa vya kazi. Lilikuwa linanguruma katikati ya kiwanja, moshi mweusi, mwenye lori ameshika kiuno.

"Muzee fundi yuko wapi?" mwenye lori akauliza.

"Yuko Bukavu," nikasema, nikasimama upande wa pili wa motere, mkabala na yule fundi kijana, na kufumba macho. "Ongeza mafuta kidogo. Hapo. Sasa achia."